Kikundi cha Ukoo: Siku Tatu za Mombasa

Kaka Mkubwa: Hamjambo nyote. Babu na Shangazi, shikamooni. Ratiba ya safari yetu ya Desemba nimeiweka hapo juu ili kila mmoja aisome. Tutakaa Mombasa siku tatu, na nimepanga mahali kumi na mawili pa kutembelea, kuanzia Fort Jesus asubuhi ya siku ya kwanza hadi magofu ya Jumba la Mtwana jioni ya siku ya mwisho. Naomba maoni kabla sijakata tiketi za treni.

Shangazi: Marahaba mwanangu, na karibuni sana. Ratiba yako nimeisoma mara mbili, na nasema kwa mapenzi kwamba aliyeiandika hajawahi kutembea Mji wa Kale saa saba mchana katika mwezi wa Desemba. Saa tatu umetutoa Fort Jesus, saa tatu na nusu tuko Bamburi, saa tano tumerudi sokoni Marikiti! Mombasa ni kisiwa, na njia zetu za kutoka na kuingia ni Makupa, daraja la Nyali na kivuko cha Likoni, ambazo zote hufurika watu na magari msimu wa sikukuu. Watoto watamaliza likizo yao ndani ya matatu.

Dada: Nilimwambia hivyo hivyo jana, akanijibu kwamba amepima umbali kwenye ramani.

Kaka Mkubwa: Umbali ni mdogo kweli. Basi Shangazi, wewe ungeanzia wapi?

Shangazi: Ningeanza kwa kutazama mwezi.

Kaka Mkubwa: Mwezi?

Shangazi: Ndiyo. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu huwa ni bamvua, yaani maji hujaa mno na kupwa mno, hata tofauti ya kina ikakaribia mita 4. Siku hizo, pwani yetu hukauka mwendo wa saa nne asubuhi, na maji hurudi kujaa alasiri mwendo wa saa kumi. Wewe umeandika kwamba tutaogelea Nyali saa nne asubuhi na kupanda mashua ya sakafu ya kioo saa kumi. Ukifuata hivyo siku ya bamvua, asubuhi mtatembea juu ya mwani na mawe mkiwakwepa wale viumbe wa miiba mirefu myeusi, na alasiri mtalipa fedha ili mtazame maji ya buluu. Geuza: mashua asubuhi maji yakiwa yamepwa, kwa sababu matumbawe huwa karibu na samaki huonekana hadi mistari yao, kisha kuogelea jioni maji yakishajaa.

Shemeji: Haya anayoyasema Shangazi yamenipata mimi mwenyewe. Mwaka ule nilipokuja na wafanyakazi wenzangu tulipakiwa mashuani saa kumi na moja kasoro, maji yamejaa pomoni, na nahodha akawa anarusha mkate baharini ili angalau tuone samaki wanaopanda juu. Kwa saa nzima niliona samaki wanane, nao nadhani walikuwa ni walewale.

Shangazi: Pole baba. Pia mjue kwamba ile ni Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotengwa mwaka 1986, na kiingilio cha hifadhi ni kitu kingine mbali na nauli ya mashua. Kabla ya kupanda, mwulizeni mwenye mashua kama bei anayotaja imejumuisha vyote viwili. Wengi hugundua wakiwa majini.

Kitindamimba: Samahani wakubwa, nina swali moja. Je, Fort Jesus ni lazima? Shuleni tulishapelekwa magofu mara mbili, na yote yalikuwa kuta.

Dada: Ni lazima, na nitakueleza sababu. Ngome ile Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitaliano aitwaye Giovanni Battista Cairati, ikakamilika 1596. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hassan, ambaye Wareno wenyewe walimlea Goa wakambatiza na kumpa jina la Dom Jerónimo, aliingia ngomeni, akamuua nahodha mkuu wao na kuiteka. Kisha Waomani wakaizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698. Hebu fikiri: miezi thelathini na zaidi watu wamefungiwa humo, njaa na maradhi vikiwamaliza, hadi waliobaki hai mwishoni wakawa wa kuhesabika. Meli iliyokuja kuwasaidia, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya ngome hiyo hiyo mwaka 1697, na baadhi ya vitu vilivyotolewa na wapiga mbizi kuanzia 1977 vimewekwa katika makumbusho mle ndani.

Dada: Na wewe unayependa kuchora, kuna kipande cha ukuta chenye michoro ya meli iliyochorwa kwa rangi nyeusi ya mkaa na udongo mwekundu. Inasadikiwa kuwa ni kazi ya askari au mabaharia wa Kireno. Ukiitazama kwa karibu utaona aliyechora alizijua kamba za tanga moja moja, lakini hakujua kuchora watu.

Kitindamimba: Basi sawa, nitakwenda kuona meli hizo.

Shemeji: Mimi nakumbuka wazee wa mtaani kwetu wakiitaja kama jela.

Shangazi: Ilikuwa jela kweli, tangu Waingereza walipoishika mwaka 1895 hadi 1958. Makumbusho yalifunguliwa baadaye, na UNESCO iliiingiza katika urithi wa dunia mwaka 2011. Nendeni mara tu milango inapofunguliwa, saa mbili. Kufikia saa tano jiwe lote lile la matumbawe limeshika moto, na kivuli ni kidogo. Mkitoka, msiende kokote: njooni kwangu mle, mlale. Mji wa Kale ni wa baada ya alasiri, jua linapoegemea na watu wanapotoka kukaa barazani.

Kaka Mkubwa: Mji wa Kale nimeupa dakika arubaini.

Shangazi: Mwanangu! Dakika arubaini hutosha kwa mlango mmoja tu.

Shangazi: Sifanyi mzaha. Mkiingia mtaa wa Ndia Kuu, simameni mbele ya mlango wowote wa nakshi wenye mbao mbili. Ile nguzo ya katikati inayozifunga huitwa mfaa, na fundi huweka huko ufundi wake wote, kwa maana ndiyo inayotazamana na mgeni abishapo. Mingine ina maua yanayopanda kutoka chini hadi juu bila kukatika, na mmoja niupendao mimi una kosa: fundi alikosea ua la tatu, akalifanya dogo kuliko wenzake, na tangu utotoni mimi hulitafuta kila nipitapo. Karibu na hapo pana Msikiti wa Mandhry, ambao husemwa ulijengwa mwaka 1570, na mnara wake hauna mfano katika ile minara mipya. Tena msafiri Ibn Battuta alipopita hapa mwaka 1331 aliandika kwamba misikiti ya Mombasa ilikuwa ya mbao zilizojengwa kwa ustadi. Kwa hiyo uzee wa mji huu msiuanzie kwa Mreno, kama waongoza wageni wengi wapendavyo.

Dada: Kuhusu mavazi, Shangazi?

Shangazi: Mabega na magoti yafunikwe, na kanga mbili mkobani zinatosha kwa dharura yoyote. Picha za milango pigeni mtakavyo, lakini picha za watu ombeni ruhusa kwanza, hasa kina mama walioketi barazani.

Babu: Nimesoma yote. Hakuna aliyeniuliza mimi nataka nini.

Kaka Mkubwa: Tuwie radhi Babu. Katika ratiba wewe nimekuweka upumzike kwa Shangazi siku ya pili na ya tatu, kwa ajili ya magoti.

Babu: Sitasafiri kutoka Nairobi ili nikae sebuleni. Kabla hamjazaliwa, nilifanya ukuli Kilindini miaka sita, na tangu hapo sijaona meli ikiingia. Nataka nikae mahali nione meli ikiingia. Sitaki kingine.

Shangazi: Baba, hilo ndilo jambo rahisi kuliko yote. Bustani ya Mama Ngina iko mdomoni mwa mlango wa Kilindini, pale ambapo sisi bado tunapaita Lighthouse. Ilifanyiwa ukarabati mkubwa, na mwaka 2019 sherehe za kitaifa za Mashujaa zikafanyika hapo hapo. Siku hizi kuna njia ya kutembea iliyosakafiwa vizuri na mahali pa kukaa, kwa hiyo magoti hayatakuwa na shida. Ile mibuyu mikubwa ingalipo. Tutachukua tuktuk hadi ukingoni, tununue mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, na madafu, kisha tutangoja. Meli hupita karibu sana hata maandishi ya ubavuni husomeka bila miwani.

Babu: Yule rubani wa kuiongoza meli bandarini bado hutoka nje kuikuta?

Shangazi: Bado, Baba. Utamwona akipanda ngazi ya kamba.

Babu: Vizuri. Watoto wajue kwamba jina la Kilindini limetokana na kilindi, kwa kuwa maji yake ni ya kina kirefu. Ndiyo maana meli kubwa zikaja upande huu, na ile Bandari ya Kale ikaachiwa majahazi. Reli ya kwenda Uganda ilianza kujengwa hapo Kilindini mwaka 1896. Mji huu mnaokwenda kuupiga picha ulijengwa na maji hayo, si na hoteli.

Kitindamimba: Babu, nitakaa nawe bustanini. Ila nilitaka pia kupanda feri ya Likoni.

Kaka Mkubwa: Feri nimeiweka siku ya tatu, tukienda Diani kwa gari.

Shangazi: Diani iondoe, nayo inahitaji siku yake. Feri apande kwa miguu jioni ileile, kwa sababu haiko mbali na bustani, na waendao kwa miguu hawalipi chochote. Avuke, anywe maji ya miwa ng'ambo, arudi. Shemeji amshike mkono, kwa sababu lango likifunguliwa umati wote hushuka ule mteremko kwa kasi kama wamesikia kuna pilau upande wa pili.

Shemeji: Kazi hiyo nimeipokea. Na zile Pembe za Ndovu?

Shangazi: Ziko barabarani, Moi Avenue, mtapita chini yake tu mkiwa njiani. Ni za bati la alumini, zimepandwa zikafanya herufi M. Picha moja, dakika tano, basi.

Dada: Niulize kuhusu Haller Park, maana Kaka anataka kuiondoa aweke maduka.

Kaka Mkubwa: Niliambiwa ni bustani ya wanyama tu, na wanyama tumewaona Nairobi.

Dada: Kilichonivutia mimi si wanyama, ni udongo. Pale palikuwa shimo la kuchimbia mawe ya saruji, jiwe tupu lisiloota hata nyasi. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo aitwaye René Haller alianza kujaribu aina mbalimbali za miti, na mvinje ukawa miongoni mwa michache iliyokubali. Tatizo likawa majani yake makavu kutooza. Akaleta majongoo, wale wekundu wakubwa wa huku pwani, wakayala majani na kuyageuza mboji, na baada ya miaka miti mingine ikapata pa kushika mizizi. Leo unatembea msituni, lakini ukiinua macho unaona kingo za shimo zimekuzunguka. Na hapo ndipo alipopelekwa yule kiboko mtoto, Owen, aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004, akamfanya kobe mzee kuwa mama yake.

Kitindamimba: Twiga hulishwa kwa mkono huko, nimeona kwenye video. Ulimi wao ni mweusi!

Kaka Mkubwa: Nimeshindwa. Haller Park inabaki. Lakini Jumba la Mtwana nalitetea: ni mji wa Waswahili wa karne ya 14, na msikiti wake umesimama ufukweni kabisa.

Shangazi: Hapo uko sawa, na pana kivuli cha miti mikubwa. Bamburi penye Haller Park na Mtwapa penye magofu hayo ni upande mmoja wa kaskazini, hivyo siku ya pili yote iwe ya ng'ambo ya Nyali: mashua asubuhi, Haller Park mchana kwa kuwa msituni kuna ubaridi, kisha wapendao magofu waendelee Mtwapa na wapendao maji warudi kuogelea. Si lazima ukoo mzima utembee kama kwata la polisi.

Dada: Na Marikiti?

Shangazi: Asubuhi ya kuondoka. Nunueni viungo vizima: iliki, mdalasini, bizari nzima, karafuu. Msinunue vilivyosagwa, hata kama vina rangi nzuri, saga nyumbani. Vunja iliki moja kwa ukucha uinuse hapo hapo kauntani. Ikinyamaza, ondoka.

Kaka Mkubwa: Basi mahali kumi na mawili yamekuwa saba. Je, tupande treni ya usiku ili tuokoe muda?

Shangazi: Treni ya usiku itawashusha stesheni ya Miritini kabla ya alfajiri, na Baba hatafaidi kitu gizani. Chukueni ya asubuhi, mpite Tsavo kweupe. Tembo wa huko ni wekundu kwa ajili ya udongo. Nimetazama kalenda: mwezi utaandama Jumanne ya juma lile la pili. Njooni Jumatatu, Jumanne iwe ya Fort Jesus na Mji wa Kale, Jumatano ya bahari, Alhamisi ya Baba na meli zake.

Kaka Mkubwa: Nimekata. Jumatatu, saa mbili asubuhi, daraja la kawaida, shilingi 1,500 kila mtu mzima. Babu nimemwekea kiti cha dirishani.

Babu: Dirisha la upande upi? Nisije nikachomwa na jua hadi Voi.