"SI MMEONA MATAKO?" Huyu jamaa wa safari za ndovu akome kabisa!

MamaPacha_Lanet:
Bado niko ndani ya gari, tumefika Naivasha, na nikingoja kufika nyumbani nitapasuka. Huyu jamaa mnamjua. Mtu yeyote wa Nakuru aliyewahi kuwa kwenye chama, kwaya au kikundi cha kuzikana anamjua. Jina sitaji maana ni mtu wa kukimbilia kwa chifu. Yule wa kofia ya ngozi. Yule wa "mteja ni mfalme" akishatia pesa mfukoni.

Ati nini? Ati, "Mama, si mmeona matako? Hiyo pia ni ndovu."

Mimi! Mbele ya watoto wangu!

Huyu mtu ametujaza picha kwenye kundi la WhatsApp tangu shule hazijafungwa. Twendeni kwa Sheldrick, Nairobi, tukaone ndovu yatima, mama zao waliuawa na majangili, wengine ukame. Akatuhubiria maadili: pale ndovu hapandwi mgongoni, hafungwi minyororo achezeshwe ngoma, analelewa mpaka akomae arudi Tsavo akaishi porini na wenzake. Nililia, wallahi. Nikauza kuku.

Sasa, pale wageni wanaingia saa moja tu kwa siku, saa tano hadi saa sita mchana, na lazima uwe umeweka nafasi mapema. Ni yeye mwenyewe aliyetuambia! Kwa hivyo tukatoka Nakuru giza totoro, watoto wamevaa soksi zisizofanana. Tumefika Kikopey, pale pa nyama choma kando ya barabara, mtu akakata kona. Ati dereva anywe chai. Chai gani? Asubuhi hiyo, jua halijapasha hata bati, mtu ameagiza mbavu nzima ya mbuzi na kachumbari, kisha akaanza kuulizana ukoo na mchomaji. Ukikohoa anainua kidole kinachong'aa mafuta: "Dakika mbili, mama." Katika hizo dakika mbili mtoto angezaliwa, abatizwe na aingie gredi ya nne.

Tumepita langoni saa sita kasoro kidogo. Nimekimbia. Mimi na kilo zangu hizi, mtoto mkono huu, kiatu mkono ule. Nafika kwenye kamba, walezi wa makoti ya kijani wanakusanya chupa za maziwa, tope jekundu limevurugwa, na ndovu ndio hao wanaondoka mmoja nyuma ya mwingine kurudi msituni. Nimeona matako. Makunyanzi na udongo uliokauka ukapasuka, na mkia wenye nywele chache kama mswaki wa mwaka jana. Pacha mdogo ananiuliza, "Mama, uso uko wapi?"

Ndipo bwana mkubwa akaja nyuma yangu polepole, kijiti mdomoni: "Mama, si mmeona matako? Hiyo pia ni ndovu."

Maadili yote amewapa ndovu, abiria hatukubakishiwa hata tone. SI MMEONA MATAKO!

Kachumbari_Kando:
Pole mama. Swali moja tu. Hiyo mbavu, wewe hukula?

MamaPacha_Lanet:
Swali la kijinga. Ningeiacha ipoe? Nilikula kwa hasira.

Section58_Mkuu:
Amekula kwa hasira! Nimecheka mpaka jirani amegonga ukuta.

Mwalimu_Bahati:
Tuwe na adabu kwa wanyama. Kituo kile kilianzishwa 1977 na Daphne Sheldrick kwa kumbukumbu ya mumewe David. Watoto wa ndovu walikuwa wakifa kwa sababu mafuta ya maziwa ya ng'ombe hayawafai. Mama yule alihangaika miaka mingi mpaka akapata mchanganyiko wenye mafuta ya nazi. Ndovu mchanga hunyweshwa kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, na walezi hulala nao kibandani kwa zamu, ili mtoto asimzoee mlezi mmoja akaja kuugua kwa huzuni asipomwona. Ile saa moja imewekwa fupi ili ndovu wasisumbuliwe sana na watu, hawakuwafikiria walaji wa Kikopey.

MamaPacha_Lanet:
Mwalimu, nani amekuuliza? Walezi sijawagusa, wale ni malaika. Mlinzi wa langoni pia simlaumu. Mimi nimeambiwa SI MMEONA MATAKO na mtu mwenye kijiti mdomoni.

Mteja_Halisi (amejiunga leo):
Mimi nimesafiri na huyo ndugu. Ni mtu mnyenyekevu, bei zake nafuu, gari lina viti laini. Watu waache wivu wa biashara.

Section58_Mkuu:
Karibu jukwaani, bosi. Toa mbavu mdomoni kwanza ndio tukusikie.

Dunga_Sijali:
Nyinyi wa Nakuru hamjui shida. Hapa Kisumu nilitozwa pesa ya mashua nikaone kiboko. Tukazunguka mpaka nikabadilika rangi. Mwisho nikaonyeshwa gugumaji linatikisika: "Yuko hapo chini, amezama." Basi! Mimi hata matako sikupewa. Nikasema nirudishiwe nusu, akaniambia kiboko hana saa.

Kitale_Kwetu:
Na kwani ni lazima Nairobi? Mlima Elgon tuna ndovu wanaoingia pango la Kitum usiku kutafuta chumvi, wanachokoa ukuta kwa pembe mpaka mawe yanadondoka. Alama ziko, unaweka kidole. Sasa mimi nikaenda na tochi mpya, nikamulika popo mpaka betri ikaisha. Nilichopata ni kinyesi. Kikavu. Aliyetupeleka akakipiga teke kidogo, akasema, "Huyu amepita."

MamaPacha_Lanet:
Afadhali wewe. Kinyesi hakikukujibu.

FreeArea_Fundi:
Mimi shida yangu ni hapa hapa. Hifadhi ya Ziwa Nakuru iko nyuma ya nyumba yangu. Faru wamo, twiga wamo, simba wamo, ndovu hata wa dawa hayumo. Lakini kila hoteli mjini imechora ndovu ukutani. Shemeji zangu walikuja kutoka Webuye, nikaaibika siku nzima. "Ndovu ziko wapi?" Nikawaambia zimelala.

Mwalimu_Bahati:
Hifadhi ile ni kilomita 188 za mraba tu na imezungushiwa ua. Ndovu ni mtu wa kutembea.

FreeArea_Fundi:
Basi wafute zile picha.

Bibi_wa_Molo:
Wajukuu wangu, anayetaka kuwaona yatima aende pia Reteti, Samburu. Kilifunguliwa 2016 na ni cha wenyeji wenyewe. Huko watoto wa ndovu wananyweshwa maziwa ya mbuzi, na maziwa hayo yananunuliwa kwa akina mama wa vijiji vya hapo. Wanalipwa.

Njoro_Maziwa:
Bibi, umesema WANALIPWA? Hebu rudia. Sisi hapa tunampelekea maziwa yule jamaa wa mitungi, mnamjua, yule wa pikipiki isiyo na breki, tangu tupande mahindi, na sasa mahindi yanafika kifuani. Sijaona senti. Nimemfuata nyumbani kwake ananiambia, "Mzee, si ng'ombe bado yuko?"

Section58_Mkuu:
"Si ng'ombe bado yuko" imeshinda ile ya matako.

MamaPacha_Lanet:
HAIJASHINDA! Fungueni uzi wenu!

Subukia_Halisi:
Huyo wa mitungi namfahamu. Alinirudishia maziwa ati yamechacha. Jioni hiyo hiyo nikampata mkewe anauza maziwa mala barabarani, bado iko kwenye mtungi wangu wenye kamba nyekundu.

Kachumbari_Kando:
Mala yake tamu lakini. Tuseme ukweli.

Njoro_Maziwa:
Kwa hivyo ulikunywa maziwa yetu?

Kachumbari_Kando:
Nilikunywa kwa hasira.

MamaPacha_Lanet:
Jamani, amekata kona Kikopey TENA. Ati dereva anywe chai. Niko serious, watoto wanalia, mchomaji anamwita kwa jina!

Njoro_Maziwa:
Mimi nimechoka na ng'ombe. Kama ndovu anakua kwa maziwa ya mbuzi, hata mimi nitafuga mbuzi. Nani ana mbuzi wa maziwa, wale wa Toggenburg, upande huu? Nataka jike.

Subukia_Halisi:
Ninaye mmoja, ana mimba. Maziwa mengi, lakini nakuambia mapema, anaruka ua.

Bibi_wa_Molo:
Anayeruka ua usinunue, atakugombanisha na majirani.

Njoro_Maziwa:
Ua nitapandisha, Bibi. Subukia, bei? Na usinipe ya watu wa Nairobi.