Kupima simu za intaneti usiku mtandao ukielemewa: tuamini kipimo kipi?

Mwalimu_Mbezi

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha wageni Kiswahili kwa simu ya video. Wanafunzi wangu wengi wako Ujerumani, kwa hiyo vipindi vinaangukia kati ya saa mbili na saa nne usiku, wakati mtaa mzima uko mtandaoni. Kipimo cha kasi kinasoma Mbps 20, lakini sauti inakatakata na picha inaganda. Kwenye somo la lugha hilo ni pigo: silabi moja ikimezwa, mwanafunzi anaondoka na neno ambalo halipo.

Nataka kuchagua kati ya faiba na ruta ya 4G kabla sijalipia mwezi mzima. Nipime kwa nini: tovuti za kasi, amri ya ping (inayopima muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi), takwimu za ndani ya programu, au nipige tu simu nisikilize?

Waya_Mrefu

Tovuti ya kasi inajibu swali ambalo hukuuliza, mkuu. Simu haili kasi kubwa. Opus, kodeki (mbinu ya kubana sauti) inayotumika kwenye programu nyingi, inaanzia kilobiti 6 tu kwa sekunde, na Zoom ya watu wawili inatosheka na kama kilobiti 600 kwa picha nzuri. Kinachoharibu simu ni pakiti (vipande vya data) kuchelewa, kufika kwa kuyumbayumba (ndiyo jita), na kupotea njiani.

Mwongozo wa ITU (shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa), G.114, unasema sauti ikifika upande wa pili ndani ya milisekunde 150, mazungumzo mengi yanakwenda vizuri. Ikivuka 400 hayafai. Halafu tovuti nyingi za kasi zinakuchagulia seva ya karibu, pengine iko hapahapa Dar, na wanafunzi wako wako ng'ambo ya nyaya za baharini.

Binti_Temeke

Naunga mkono, ila na ping ukiipiga mtandao ukiwa umetulia itakudanganya vilevile. Fanya hivi: saa tatu usiku anzisha ping kwenda seva ya Ulaya, iache iendelee, kisha pakia video kubwa kwa wakati huohuo. Tazama namba. Zikiruka kutoka milisekunde 180 hadi 900, ugonjwa umeuona.

Ruta au mnara ukijaa, mara nyingi hautupi pakiti mapema. Unazipanga kwenye foleni ndefu, na sauti yako inasubiri nyuma ya faili la mtu mwingine. Jim Gettys ndiye aliyeupa ugonjwa huu jina la bufferbloat. Siku hizi fast.com na kipimo cha Cloudflare vinaonyesha ucheleweshaji mtandao ukiwa na mzigo. Kama lazima utumie tovuti, tumia hizo na usome namba hiyo. Mbps ziache. Na upande wa kupakia uangalie zaidi, maana kwa kawaida ndio mwembamba na ndio unaojaa kwanza.

Mzee_Kigamboni

Vijana, sikio ndilo hakimu. Hata alama ya MOS, ile ya ubora wa sauti ya 1 hadi 5, ilitokana na watu kuketi na kusikiliza. Mwalimu, msomee mwenzako orodha ya maneno asiyoijua, aandike anachosikia. Kisha akusomee yeye. Linganisheni karatasi.

Fundi_Pakiti

Shikamoo mzee. Sikio linakwambia kuna tatizo, halikwambii liko wapi. Mimi nachukua jaribio lako na kufungua takwimu wakati huohuo: Zoom inazo kwenye mipangilio, na kwenye Chrome unaandika chrome://webrtc-internals. Humo utaona pakiti zilizopotea na jita ya simu yenyewe, kwenye njia yenyewe. Kwangu hiki ndicho kipimo namba moja. Angalia pia kama simu inapita kwa UDP, njia ya kutuma data isiyorudia kilichopotea. Baadhi ya ofisi huifunga, simu ikahamia TCP, na TCP hurudia kila pakiti iliyopotea huku sauti iliyo nyuma ikingoja.

Kwa wanaotengeneza programu: Linux ina netem, unaweza kuigiza mtandao mbovu ukiwa mezani:

tc qdisc add dev eth0 root netem delay 150ms 40ms loss 3%

Tahadhari moja. Upotevu wa asilimia 3 hapo unatawanyika kwa kubahatisha, lakini mtandao uliojaa hupoteza pakiti kwa mafungu. Kodeki huziba tundu dogo vizuri, ila mfululizo wa matundu huishinda. Programu iliyofaulu kwa amri hiyo bado inaweza kuanguka Kimara usiku.

Binti_Temeke

Nakuja kwenye swali lako la msingi, mwalimu. Kwanza chomeka laptopu kwa waya, usije ukailaumu kampuni kumbe ni Wi-Fi ya chumbani.

Mimi ningechagua faiba, na si kwa sababu ya kasi. Kwenye faiba foleni mara nyingi iko kwenye ruta yako, na hiyo unaweza kuitibu: weka OpenWrt (mfumo huria wa ruta), washa SQM (kisimamia foleni) yenye CAKE au fq_codel, bana kasi iwe kama asilimia 85 hadi 90 ya ile unayopata kweli, kisha rudia jaribio la ping na upakiaji. Kwenye 4G mnaugawana mnara na mtaa, uwezo unabadilika kila wakati, na kubana kwa namba moja hakukusaidii sana.

Waya_Mrefu

Msipime wakati nyaya za baharini zina hitilafu. Mei 2024 EASSy na SEACOM ziliathirika pamoja, na mwenye faiba na mwenye 4G wote waliumia.

Mwalimu_Mbezi

Nashukuru sana. Nitaazima ruta ya 4G na kuipima usiku huohuo na faiba ya jirani: ping chini ya mzigo, kisha orodha ya mzee huku takwimu ziko wazi. Bando je, litatosha?

Fundi_Pakiti

Ping ni kidogo mno. Simu ya kilobiti 600 kila upande itakula kama MB 540 kwa saa. Zile tovuti za kasi ndizo za kuchunga: kadiri mtandao unavyokuwa na kasi ndivyo zinavyovuta data nyingi kwa jaribio moja.