Talki iondolewe kwenye dawa zote, au kwenye poda ya mtoto tu?

Mkemia: Wakuu, Julai 2024 IARC, shirika la utafiti wa saratani chini ya WHO, liliiweka talki, madini laini yanayosagwa kuwa poda, kundi la 2A: yaelekea husababisha saratani kwa binadamu. Johnson & Johnson waliacha poda ya mtoto ya talki Marekani na Kanada mwaka 2020, na duniani kote 2023, wakahamia wanga wa mahindi. Miamba ya talki mara nyingine hukaa pamoja na asibesto, madini ya nyuzinyuzi yanayosababisha saratani. Kwa nini tuendelee kuimeza kwenye vidonge? Iondolewe kote.

Mfamasia wa kiwandani: Mkuu, 2A inapima uzito wa ushahidi, haisemi kidonge kimoja kina hatari kiasi gani. Talki ni kama asilimia 1 hadi 10 ya kidonge. Inaufanya unga uteleze kuingia kwenye kalibu na usigande kwenye chuma. Unga ukikwama, kalibu moja inajaa na nyingine inapungua, kwa hiyo vidonge vya chupa moja vinatofautiana dozi. Ukisema tutumie magnesi stearati peke yake, kilainishi kingine cha vidonge, hiyo ni ya mafuta: ikizidi, au ikichanganywa muda mrefu, inafunika chembe za dawa, maji hayapenyi, kidonge kinachelewa kuyeyuka. Ndiyo maana inaingia mwishoni, kwa dakika chache tu. Talki iliyomezwa hutoka na choo. Hatari ni kusaga kidonge na kukichoma kwenye mshipa, maana chembe hunasa mapafuni na kuacha vinundu.

Tabibu wa kifua: Na mgonjwa wa saratani ambaye maji yanarudi kifuani kila yakitolewa, mtampa nini? Maji yakishatoka na picha ikaonyesha pafu limefunguka hadi kwenye ukuta wa kifua, anapewa lignokeini, dawa ya ganzi, kwa ajili ya maumivu, kisha gramu 4 au 5 za talki safi isiyo na vijidudu, ndani ya mililita 50 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9, kupitia mrija wa kifua. Mrija unabanwa saa 1. Tando mbili, ya pafu na ya ukuta wa kifua, zinavimba, zinashikana, maji yanakosa pa kukaa. Pafu lisipofunguka, tando hazigusani na kazi ni bure. Chembe nazo ziwe kubwa, kwa sababu zile ndogo sana zinapenya kwenye damu na zinaweza kumfanya mgonjwa ashindwe kupumua. Poda ya dukani haiingii kifuani kamwe!

Mkemia: Kwa kifua nimekubali, Daktari. Kwa poda ya mtoto sirudi nyuma: kopo likitikiswa karibu na uso, mtoto anavuta vumbi, na poda yenyewe haitibu chochote. Akaushwe kwa kitambaa, apakwe malhamu ya zinki chini ya nepi. Kwa vidonge, kila shehena ipimwe asibesto kwa darubini ya elektroni. Darubini ya kawaida inapitwa na nyuzi nyembamba.

Mfamasia wa kiwandani: Hilo naliunga mkono. Lakini gharama ya kipimo abebe nani: mchimbaji, kiwanda, au mgonjwa anayenunua dawa?