Koili, betri au mashine ya cheche: kifaa kipi cha umeme kilifaa misuli kabla ya 1900?

Mwana_Maabara
Wakuu, habari za jioni. Kabla ya 1900, mgonjwa aliyepooza mkono huko Ulaya au Marekani aliweza kutibiwa kwa umeme wa aina tatu. Kulikuwa na mashine ya cheche, yaani ya msuguano, ambayo umeme wake uliwekwa kwenye mtungi wa Leiden (chupa ya kuhifadhi umeme) na kuachiwa kwa mpigo mmoja. Ikaja betri ya Volta, mwaka 1800, yenye mkondo usiokatika. Mwaka 1831 Faraday akaonyesha kwamba sumaku na waya vinaweza kuzaa umeme, na hapo ndipo koili (waya uliozungushwa mara nyingi) za matibabu zilipotokea. Ungekuwa daktari wa mwaka 1860, ungebeba kipi? Mimi naegemea koili, ila nataka kuwasikia mnaoshika wagonjwa.

Fizio_Moshi
Mashine ya msuguano iondoe mapema, mkuu. Benjamin Franklin aliwatibu waliopooza kule Pennsylvania, na mwaka 1757 akamwandikia daktari John Pringle matokeo yake bila kuyapamba. Alitumia mitungi miwili ya galoni 6 kila mmoja, akapitisha mshtuko kwenye kiungo kilichopooza mara tatu kwa siku. Kiungo kilipata joto, mgonjwa akasogeza kidogo, akafurahi. Baada ya siku ya tano hakuna kilichoongezeka. Wakakata tamaa, wakarudi makwao, na hali ikarudi ilivyokuwa. Akasema hajaona nafuu ya kudumu, na akajiuliza kama hata ile ya mwanzo haikuletwa na safari na matumaini. Mtafiti anayeandika hivyo kuhusu kifaa anachokipenda namheshimu sana.

Bi_Salma
Tusiitupe kabisa lakini. Jean Jallabert wa Geneva alianza mwishoni mwa 1747 kumtibu fundi makufuli mwenye mkono uliopooza, na aliona wazi kwamba cheche ikigusa mahali fulani, msuli wa hapo unajikunja. Wazo la kulenga msuli mmojammoja lina mizizi pale.

Fizio_Moshi
Kweli dada, ila aliyelifikisha wazo hilo mahali pake ni daktari Duchenne, mzaliwa wa Boulogne, aliyefanya kazi Paris. Hapo nitakaa kidogo, kwa sababu kazi yetu ya leo imetoka kwake. Wenzake walikuwa wakichoma sindano ndani ya nyama na kupitisha umeme humo. Yeye aligundua kwamba elektrodi (ncha ya kupitishia umeme mwilini) ikiwa kavu huchokoza ngozi tu, lakini ukiilowesha na kuikandamiza vizuri, mkondo wa koili unafika kwenye msuli ulio chini bila kutoboa kitu. Akazunguka hospitali za Paris na mashine yake, msuli baada ya msuli, akiandika kila mmoja unavuta nini. Kitabu chake cha tiba kilitoka 1855. Ile ramani ya misuli ina thamani kuliko tiba yenyewe.

Fundi_Koili
Upande wa ufundi: koili ina waya mnene mfupi uliounganishwa na betri, na waya mwembamba mrefu uliozungushwa juu yake. Kinyundo kidogo kinakata na kurudisha mkondo haraka haraka, na kila ukikatika, waya mwembamba unatoa mpigo mfupi mno wenye volti kubwa. Mipigo ikifuatana kwa kasi, msuli unakaza na kubaki umekaza.
Msisahau pia visanduku vya mbao vya Davis na Kidder, hataza ya Marekani ya 1854. Havikuhitaji betri: unazungusha mpini, koili zinapita mbele ya sumaku, mgonjwa ameshika vishikio viwili vya shaba. Ni kazi nzuri ya fundi, ila kwa msuli mahsusi sivitetei. Umeme unaingia mkono mmoja na kutokea wa pili, na nguvu yake inafuata kasi ya anayezungusha. Duchenne alichagua msuli, kisanduku hiki hakichagui.

Mzee_wa_Wodi
Vijana wangu, betri mmeionea. Daktari Robert Remak wa Berlin aliitetea hadharani na kuiandikia kitabu mwaka 1858, akibishana na Duchenne waziwazi. Mwaka uliofuata daktari Baierlacher akaripoti mgonjwa aliyepooza upande wa uso: misuli ya upande ule haikujibu koili hata kidogo, lakini ilijibu betri. Sababu tunaijua sasa. Mpigo wa koili ni mfupi, unaitosha neva (mshipa wa fahamu unaoamrisha msuli) na siyo msuli wenyewe. Neva ikifa, msuli unahitaji mkondo unaodumu zaidi ndipo ujikunje, tena unajikunja polepole kama mnyoo. Daktari Wilhelm Erb akaligeuza jambo hilo kuwa kipimo cha kujua neva ipo au haipo.

Mwana_Maabara
Shikamoo mzee. Kwa hiyo koili kwa mwenye neva hai, betri kwa aliyekatikiwa?

Mzee_wa_Wodi
Marahaba. Ndivyo, ila betri ilitaka uangalifu. Ikikaa mahali pamoja, magadi makali yanajikusanya chini ya ncha hasi na ngozi inaungua, na aliyepoteza hisia hasemi. Kuhusu msuli kurudi kwa sababu ya betri, sikubali. Neva ndiyo inayorudi, kwa mwendo wake.

Fizio_Moshi
Ningebeba vyote viwili basi. Koili kwanza, msuli ukinyamaza nahamia betri. Ila jibu la kifaa lisichukuliwe kuwa neno la mwisho: Duchenne mwenyewe aliona misuli iliyoanza kumtii mgonjwa wakati bado haijibu koili. Ndiyo maana mgonjwa wa uso huwa namwambia afumbe jicho kwa juhudi yake kabla sijawasha chochote.