Mteja ameghairi shughuli siku moja kabla: arubuni ni ya nani?

Mpishi wa Temeke:

Ninapika chakula cha harusi na hitima hapa Dar es Salaam, na kwa kawaida huchukua asilimia 30 ya gharama kama malipo ya awali. Mwezi uliopita nilikubaliana na kamati ya harusi kuwapikia pilau watu 300 kwa shilingi 12,000 kila sahani, yaani shilingi 3,600,000, nikapokea 1,080,000. Ijumaa saa kumi jioni, mbuzi wakiwa wameshachinjwa na vitunguu vimeshamenywa, mwenyekiti alinipigia kuniarifu kwamba familia mbili zimekosana na shughuli haipo. Nilikuwa nimeshatumia 1,450,000. Mchele wa 150,000 niliutumia kwingine, nyama niliiuza kwa bei ya kutupa nikapata 420,000. Sasa anadai arubuni yote irudishwe kwa kuwa chakula hakikuliwa. Je, nina haki ya kubaki nayo?

Karani wa Mikataba:

Pole kwa yaliyokufika. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inaligusa jambo lako katika vifungu viwili. Kifungu cha 73 kinampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya hasara iliyotokana na uvunjaji huo, lakini kinazingatia pia njia alizokuwa nazo za kuipunguza, ndiyo maana mchele na nyama lazima vitolewe kwenye hesabu. Hasara yako inabaki 880,000. Zile 200,000 za arubuni zilizozidi hasara hiyo unaweza kuzitetea kama faida uliyoikosa, hasa ikiwa ulikataa kazi nyingine ya Jumamosi hiyo na una ujumbe wa kuthibitisha.

Kifungu cha 74 kinahusu kiasi kilichotajwa mapema ndani ya mkataba: mahakama hutoa fidia inayostahili, isiyozidi kiasi hicho. Kwa hiyo usiandike "akighairi atalipa gharama yote" ukadhani umejikinga. Adhabu iliyotiwa chumvi hupunguzwa. Andika ngazi za makato zinazofuata manunuzi yako halisi, kwa sababu mteja anayeghairi wiki tatu kabla hajakutia hasara sawa na anayeghairi mbuzi akiwa ameshachinjwa.

Bi. Maandazi, Mombasa:

Huku kwetu wapo wateja wanaouliza kwanza kama ni halali kuila arubuni, na swali lao si la ukaidi. Wanazuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, hawakuiruhusu, ilhali Hanbali waliiruhusu. Mwaka 1993 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikubali kuwa inajuzu iwapo muda wa kusubiri umewekewa kikomo. Mimi huandika tarehe ya mwisho ya kughairi, kisha nikamsomea mteja mbele ya shahidi. Mteja aliyefiwa simkati chochote, bali namhamishia tarehe, kwani kuahirisha si kughairi.

Fundi wa Maturubai:

Kosa kubwa naliona kwingine: ulikubaliana na kamati. Kamati ya harusi huvunjika siku ileile shughuli inapovunjika, na michango ikisharudishwa kwa wenyewe hutampata wa kumdai. Mkataba usainiwe na mtu mmoja mwenye kitambulisho, anayejifunga kwa jina lake. Pia asilimia 30 ni ndogo kwa kazi ya jikoni. Mimi maturubai yangu hurudi ghalani yakiwa mazima; nyama yako hairudi zizini. Dai fedha yote ya manunuzi siku 5 kabla, na isipoingia, usiende sokoni.

Mpishi wa Temeke:

Nashukuruni. Ujumbe wa kazi niliyoikataa ninao, ila ilikuwa hitima ya watu 60 tu, na faida yake haingefika 200,000. Nimempelekea mwenyekiti hesabu pamoja na risiti, nikamweleza kwamba nitamrudishia 80,000 kati ya hizo. Bado hajajibu.