Vishikizi vya linki na sevo ya usukani kwa SCX10 II: nianzie wapi?

JabaliMuscat

Assalaam alaykum ndugu zangu. Ninayo Axial SCX10 II niliyoiunganisha kwa mikono yangu, gari la rimoti la kipimo cha 1:10 lenye milimita 313 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, nami hulipandisha kwenye miamba ya mabonde yaliyo nje ya Muscat. Tangu nilipoliongezea rafu ya juu na vizito vya shaba ya manjano kwenye magurudumu ya mbele, uzito wake umefika kilo 3.4, na hapo ndipo yalipozuka matatizo mawili.

La kwanza ni kwamba kila ninapoongeza moto kwenye mwinuko mkali, nyuma hurukaruka, tairi hupoteza mshiko na gari hurudi lilikotoka. La pili ni usukani: tairi la mbele likibanwa kati ya mawe mawili, sevo, yaani mota ndogo inayozungusha usukani, hushindwa kuligeuza. Nilinunua sevo iliyoandikwa kilo 35, lakini sasa ikizidiwa gari zima hukata mawasiliano kwa sekunde moja au mbili, kisha hurudi. Nimeona vishikizi vya alumini vyenye matundu mengi vya kufungia linki za juu, yaani fimbo zinazounganisha ekseli na fremu, na ninafikiria pia kuhamishia sevo juu ya ekseli. Naomba ushauri wa mtu aliyepima, kwa sababu nimekwisha kununua vitu kwa kubahatisha.

BintiFundi

Wa alaykum salaam, kaka. Naomba nianze na sevo, kwa kuwa ninaamini hiyo uliyo nayo haina kosa lolote. Gari linalokata mawasiliano pale sevo inapozidiwa linakuambia kwamba risiva, yaani kipokezi cha mawimbi ya rimoti, imekosa umeme. Vidhibiti mwendo vingi vya magari haya vina kipunguza volti cha ndani, yaani BEC, chenye uwezo wa ampea 3 hivi, ilhali sevo kubwa ikikwama inaweza kudai zaidi ya ampea 4 kwa mkupuo. Volti huporomoka, risiva huzimika na kuwaka upya, nawe huona kama rimoti imepotea. Ukinunua sevo ya kilo 45 kabla ya kurekebisha hilo, utakuwa umeongeza mdomo kwenye chungu kilekile.

Tafuta BEC ya nje ya ampea 10, iunganishe moja kwa moja na betri, iweke kwenye volti ambayo sevo yako imeruhusiwa, kisha chomoa waya mwekundu kwenye plagi inayotoka kwa kidhibiti mwendo kwenda risiva, ili vyanzo viwili vya umeme visikutane. Zipo sevo zinazochukua umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, na mimi nazipenda, lakini soma kwanza zinahimili volti ngapi: betri ya LiPo (ya lithiamu) ya seli 2 iliyojaa hutoa volti 8.4, na ya seli 3 hutoa 12.6. Sevo iliyotengenezwa kwa 7.4 huungua papo hapo ikipewa seli 3.

Kuhusu hizo kilo, kumbuka kwamba kipimo chake ni kilo kwa sentimita moja kutoka katikati ya mhimili. Sevo ya kilo 35 yenye mkono wa sentimita 2 inasukuma fimbo ya usukani kwa nguvu ya kilo 17.5 tu, na hiyo ni pale inapopata volti iliyotumika kuipima kiwandani. Ukitumia tundu la ndani zaidi kwenye mkono huo, sentimita 1.6 kwa mfano, unapata karibu kilo 22, ingawa tairi litageuka kwa pembe ndogo zaidi. Kwa kilo 3.4 za gari lako, sevo hiyo inatosha kabisa. Hakikisha pia mkono ni wa alumini, hauna springi ya kujikinga ndani yake, na una idadi sahihi ya meno: sevo nyingi za magari haya zina meno 25, lakini zipo za 23 na 24, na mkono wa 24 uliolazimishwa kwenye 25 huharibu vyote viwili.

LinkiNne

Naunga mkono maelezo ya dada kuhusu umeme. Mimi nizungumzie kule kurukaruka, kwa sababu hapo ndipo vishikizi vinapohusika, na ndipo watu wengi wanapotupa fedha.

Lisimamishe gari mezani likiwa na betri ndani, kisha pima kutoka mezani hadi katikati ya kila bolti ya linki za nyuma. Chora ubavu wa gari kwenye karatasi. Refusha mstari wa linki ya chini na wa linki ya juu kuelekea mbele hadi vikutane. Kutoka pale tairi la nyuma linapogusa meza, chora mstari wa tatu upitie kwenye makutano hayo, na uangalie unapita kwenye kimo gani juu ya ekseli ya mbele. Linganisha kimo hicho na kimo cha kitovu cha uzito wa gari. Kikizidi sana, moto wa mota huinua bodi na kuinyoosha shokamzoba ya nyuma badala ya kukandamiza tairi kwenye mwamba, na gari hurukaruka kama ulivyoeleza. Kikipungua mno, nyuma huchuchumaa na pua huinuka. Mimi hulenga kimo hicho kiwe asilimia 80 hadi 100 ya kimo cha kitovu cha uzito.

Niletee vipimo vyako kabla hujanunua kitu.

JabaliMuscat

Shukrani nyingi kwenu. Nimepima usiku huu. Linki ya chini iko milimita 50 kwenye ekseli na 70 kwenye fremu. Linki ya juu iko 80 kwenye ekseli na 86 kwenye fremu. Kwa usawa, kutoka ekseli hadi bolti za fremu ni milimita 110 kwa zote mbili. Kitovu cha uzito nimekikadiria kwenye milimita 100, kwa kulisawazisha gari juu ya ukingo wa ubao likiwa wima na likiwa limelala.

LinkiNne

Vipimo hivi vinaeleza kila kitu. Mistari yako inakutana milimita 236 mbele ya ekseli ya nyuma, kwenye kimo cha 93. Mstari wa tatu unafika juu ya ekseli ya mbele ukiwa kwenye milimita 123, yaani asilimia 123 ya kitovu chako cha uzito. Si ajabu gari linaruka.

Sasa inua ncha ya linki ya juu kwenye fremu kutoka 86 hadi 94, bila kugusa kingine. Makutano yanasogea hadi milimita 550 mbele, kwenye kimo cha 150, na asilimia inashuka hadi 85. Milimita 8 tu, kaka. Kwa hiyo huhitaji seti nzima ya vishikizi. Unahitaji tundu moja jipya kila upande, au kishikizi chenye tundu hapo. Chagua kisichopinda ukikibana kwa vidole, kwa sababu linki za juu ndizo zinazozuia ekseli isijizungushe, na kishikizi kinacholegea hurudisha mtikisiko uleule. Bolti ishikwe pande mbili ikiwezekana, isining'inie upande mmoja.

Baada ya kuinua, linki ya juu itahitaji kurefuka kwa takriban milimita 0.7 ili pua ya difu (sanduku la gia la katikati ya ekseli) ibaki ilipokuwa na propela shafti isipinde zaidi. Kama ncha zako ni za nyuzi za M4, yaani za bolti ya milimita 4, huo ni mzunguko mmoja kamili.

BintiFundi

Niongeze jambo moja kuhusu kuhamisha sevo juu ya ekseli. Sevo yako sasa iko kwenye fremu, na ekseli ya mbele inashikiliwa na upau wa Panhard, yaani fimbo ya kukingama inayoizuia isiende kando. Mpangilio huo ni mzuri mradi upau huo na fimbo ya usukani viwe sambamba na karibu sawa kwa urefu. Ukiinua kishikizi cha kimoja bila kingine, usukani utajigeuza wenyewe kila shokamzoba inapobonyea. Sevo ikikaa juu ya ekseli, tatizo hilo huondoka na unaweza kuweka linki 4 mbele, lakini waya wake hunyongwa na kila mwamba, na sevo yenyewe huwa ya kwanza kugonga. Kwa mabonde ya mawe makali ningeiacha kwenye fremu.

Kisha rekebisha kikomo cha usukani kwenye rimoti: geuza hadi mwisho, na kama sevo bado inanguruma wakati tairi limefika kikomo chake, punguza asilimia hadi inyamaze. Kwa joto la huko kwenu, sevo inayosukuma chuma kisichosogea haitamaliza betri moja bila kuungua.

JabaliMuscat

Nimepunguza kikomo hadi asilimia 88 kulia na 91 kushoto, na mngurumo umekwisha. Matundu nimetoboa leo kwenye milimita 94, linki nimezirefusha mzunguko mmoja. BEC itafika wiki ijayo. Hadi hapo napanda bila vile vizito vya shaba. Ijumaa nitalirudisha gari kwenye mwinuko uleule ulionishinda, kisha nitaandika hapa limefanya nini.