Elgeyo Marakwet: dalili gani za maporomoko ya ardhi zinatosha kuhama?

Swali: Wadau, boma nyingi za Bonde la Kerio ziko chini kabisa ya miinuko ya Elgeyo. Tope lilishafunika soko la Chesegon, mpakani na Pokot Magharibi, Aprili 2020. Mvua ikishinda inanyesha, tukague nini kabla ya giza?

Jibu: Mto kwanza. Mvua inaendelea lakini maji yamepungua ghafla, au yamekuwa tope zito? Huenda huko juu udongo umeziba mkondo. Ukiachia, mawe na magogo yanashuka pamoja na maji. Ondokeni papo hapo. Msikimbie kuufuata mto kuteremka, pandeni pembeni mbali na korongo. Mbuzi waacheni, tafadhali.

Jibu: Kwa walio mteremkoni, kagueni: ufa mpya ardhini, nguzo zilizoinama, mlango unaokwama ghafla. Pigilia vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa, pima umbali kila asubuhi. Ukiongezeka, hameni. Usipoongezeka, zibeni ufa kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, mvua isiingie ndani.

Jibu: Na mitaro ya shamba pia. Ikituamisha maji juu ya ufa, udongo unalowa, unaongezeka uzito na kulegea. Ipeni mitaro mwinamo mdogo, maji yaishie kwenye mkondo wenye mawe, yasimwagikie kwa jirani.